Shule ya Pili: Vijana wa Kigeni Waliokuja Kujitolea Kivu

Buleusa haionekani haraka kwenye ramani. Iko katika teritwari ya Walikale, eneo la Ikobo, karibu na mpaka wa Lubero, mahali ambapo nyanda za juu za Kivu ya Kaskazini zinaanza kushuka kuelekea msitu mkubwa wa Kongo. Safari ya huko ni ya pikipiki, na pikipiki ikishindwa na matope abiria hushuka akatembea. Kinyanga, Kinande na Kinyarwanda husikika majumbani, lakini sokoni, kanisani na kwenye foleni ya kituo cha afya ni Kiswahili.

Kwa zaidi ya miaka 60 vijana wa kigeni waliotoka kuhitimu wamekuwa wakipita katika nchi hii ya Kivu, na tangu miaka ya 1990 wengi wao wamefika mpaka kwenye vilima vya Masisi na Walikale: madaktari, wauguzi, mafundi wa maji, walimu, watunza ghala. Wengine walikaa miezi 6, wengine miaka 20. Vitabu walivyoandika vinajaza rafu. Kisichoandikwa sana ni kwamba karibu wote walianza upya walipofika, na waliowafundisha hawakuwa na cheo cha ualimu. Walikuwa wauguzi wa vijijini, wakalimani, madereva, wakunga na wakulima.

Ipo kesi moja ya zamani kutoka Walikale yenyewe, na inafaa itangulie kwa sababu ni ya nadra. Mwaka 1949 Mbelgiji Daniel Biebuyck, kijana wa miaka ishirini na kitu aliyekuwa amesomea anthropolojia London, alikuja Kongo kufanya kazi na IRSAC, taasisi ya utafiti iliyojenga makao yake Lwiro, karibu na Bukavu. Hakuwa wa kujitolea, alikuwa mwajiriwa. Lakini miaka ya 1950 alipoingia kwa Wanyanga wa Walikale alikuta kwamba elimu yake haimfikishi mbali. Mwaka 1956 mtambaji Candi Rureke alimwimbia na kumwigizia utendi wa Mwindo kwa siku 12, huku makarani wa Kinyanga wakiandika. Kitabu kilichapwa California mwaka 1969 kikiwa na majina mawili ya wahariri, la Biebuyck na la Kahombo Mateene, Mnyanga aliyekuja kuwa mtaalamu wa isimu na kuongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Kampala. Rureke naye ametajwa kwa jina ndani ya kitabu. Katika historia ya huduma za afya na misaada, heshima ya namna hiyo haikutolewa mara nyingi.

Kabla ya uhuru, mgeni aliyekuja kufanya kazi bila kufuata mshahara alikuwa mmisionari. Mfano unaojulikana zaidi katika Kongo ya kaskazini mashariki ni wa Mwingereza Helen Roseveare. Alihitimu udaktari Cambridge, akaenda Ubelgiji kujifunza Kifaransa, akasomea pia magonjwa ya nchi za joto, na mwaka 1953 akafika Ibambi, kaskazini ya Kivu, kisha Nebobongo. Kwa hesabu ya karatasi alikuwa amekamilika. Kwa hesabu ya Nebobongo alipungukiwa na karibu kila kitu: hakuwa mpasuaji, hakujua kufyatua wala kuchoma matofali, na hospitali aliyotakiwa kuifanyia kazi ilikuwa bado haijajengwa. Ikabidi afyatue matofali pamoja na vibarua, apasue huku akiwa na kitabu karibu, na afundishe wauguzi huku yeye mwenyewe akifundishwa lugha na desturi. Mwanafunzi wake wa awali, John Mangadima, ndiye baadaye aliyeshika hospitali hiyo. Roseveare alitekwa na waasi wa Simba mwaka 1964, akateswa, akaokolewa, akarudi Kongo mwaka 1966 na kubaki mpaka 1973. Vitabu vyake vinasomwa bado katika makanisa ya Uingereza na Marekani. Mangadima hakuacha kitabu kinachojulikana hivyo.

Uhuru ulipokuja, Juni 30, 1960, Kongo haikuwa na daktari mzalendo hata mmoja. Iliyekuwa naye ni msaidizi wa daktari, mtu aliyesoma miaka mingi chini ya Wabelgiji na kufanya kazi nyingi za daktari bila kuitwa daktari. Wasaidizi hawa walikuwa zaidi ya 100 nchi nzima. Jeshi lilipoasi mwezi Julai na Wabelgiji wakakimbia kwa maelfu, hospitali nyingi za mikoani zilibaki mikononi mwa wauguzi. Shirika la Afya Duniani likachukua hatua mbili kwa pamoja: likatafuta madaktari wa nje haraka, na likawapeleka wasaidizi kadhaa Ufaransa wakamalizie masomo. Hatua ya pili haikupigiwa kelele, lakini ndiyo iliyozaa madaktari.

Wa nje walitoka pande nyingi. Kundi moja lililoacha alama ni Wahaiti: walimu, madaktari na mabwana shamba waliojua Kifaransa na waliokuwa, kusema kweli, wanamkimbia dikteta Duvalier zaidi kuliko walivyokuwa wanaikimbilia Kongo. Baba yake mtengenezaji filamu Raoul Peck alikuwa mmoja wao, bwana shamba aliyekuja na familia yake mtoto huyo akiwa mdogo. Wahaiti walikuwa weusi, wageni na wasomi kwa wakati mmoja, na wenyeji iliwachukua muda kujua wawaweke kundi gani.

Mwaka uliofuata, upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, lilianza jambo ambalo baadaye lingefika Kivu. Machi 1, 1961, Rais Kennedy wa Marekani aliunda Peace Corps, na Tanganyika ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa kupokea vijana wake. Kundi hilo la wahandisi, wapima ardhi na wanajiolojia lilifunzwa kwanza chuoni El Paso, Texas, kisha kwenye kambi ya Puerto Rico ambako walipandishwa miamba na kutupwa majini kupimwa ushupavu, na mwishowe likaletwa Tengeru, karibu na Arusha, likasomeshwa Kiswahili. Walitua miezi michache kabla ya bendera ya Tanganyika kupandishwa. Kazi yao ilikuwa kupima na kuchora barabara za kutoa mazao ya wakulima mashambani. Ukiangalia ratiba hiyo, Puerto Rico ilikuwa mbwembwe. Wiki za Tengeru ndizo zilizowafaa porini, kwa sababu barabara haipimwi bila kushika mnyororo na mtu mnayeelewana lugha. Nyerere aliwaondoa mwaka 1969, wakarudi mwaka 1979.

Kongo haikuwangoja Wamarekani hao ili ipate wageni wenye mafunzo. Aprili 1965 Ernesto Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma kwenda Kibamba, upande wa Fizi, akifuatwa na Wakuba zaidi ya 100 waliojitolea na kufunzwa kambini kwao, wakiwamo madaktari. Walipewa majina ya Kiswahili kwa hesabu: Víctor Dreke akawa Moja, na Che, aliyetambulishwa kama mganga na mkalimani, akawa Tatu. Ilikuwa misheni iliyoshindwa, na Novemba mwaka huohuo walirudi Kigoma usiku. Wengi walikuwa hodari wa silaha na hawakujua lolote kuhusu nchi waliyoingia. Aliyepewa kazi ya kumfundisha Che Kiswahili alikuwa kijana wa Kikongomani wa miaka 16, Freddy Ilanga. Baadaye alichukuliwa Kuba, akasoma huko, akawa mpasuaji wa ubongo wa watoto, na akafia huko mwaka 2005. Mwalimu akawa mwanafunzi ughaibuni, na kwa miaka karibu 40 alitengana na ndugu zake wa Kivu.

Peace Corps ilifika Kongo mwaka 1970, mwaka mmoja kabla Mobutu hajaipa nchi jina la Zaire, na ikakaa miaka 21. Programu ya Zaire ikakua kuwa miongoni mwa zile kubwa barani Afrika: walimu wa Kiingereza, hesabu na sayansi, wauguzi wa afya ya jamii, wafugaji wa samaki. Wengi walipitishwa Bukavu kwanza. Huko, juu ya Ziwa Kivu, kwenye baridi ya asubuhi ambayo hakuna aliyekuwa amewatahadharisha nayo, walisomeshwa Kifaransa pamoja na lugha ya walikopangiwa: Kiswahili kwa wa mashariki na Shaba, Tshiluba kwa wa Kasai, Kikongo au Lingala kwa wa magharibi. Kwa walimu wa Bukavu hiyo ilikuwa ajira ya kila mwaka, na lugha hizo za Zaire zilisikika Marekani kutoka kwenye vinywa vya watu waliofundishwa na wao.

Mradi wa samaki unafaa kutazamwa kwa karibu, hata kama ngome yake ilikuwa Bandundu na Kasai kuliko Kivu. Kijana alitoka chuo kikuu na shahada ambayo mara nyingi haikuhusiana na samaki. Akafundishwa kuchimba bwawa kwa mikono. Akapewa pikipiki na ramani, akaambiwa atafute wakulima. Bwawa lilikuwa la are mbili tatu, pembeni mwa kijito, lenye mteremko wa kuingiza maji kwa bomba la mwanzi na kuyatoa upande wa chini. Kona moja ilizungushiwa fito kuwa zizi la mboji. Humo zikatupwa nyasi, samadi, maganda ya muhogo, majani ya mipapai. Baada ya muda maji hugeuka kijani. Kipimo kilikuwa mkono: mkulima anauzamisha mpaka kiwikoni, na kama vidole havionekani, bwawa liko tayari kwa tilapia. Miezi 6 baadaye tuta linatobolewa, maji yanatoka, na samaki wanaokotwa kwenye tope mbele ya kijiji kizima.

Hapo ndipo wengi waliposomeshwa. Mike Tidwell, aliyefanya kazi hiyo Kalambayi, Kasai, kati ya 1985 na 1987, ameeleza katika kitabu chake jinsi alivyokasirika siku ya mavuno ya kwanza: mkulima aliyechimba kwa miezi aligawa sehemu kubwa ya samaki wake kwa ndugu na majirani, bila kuuza. Kwa hesabu alizofundishwa huo ulikuwa mradi uliokufa siku ya kuzaliwa. Baadaye akaelewa kwamba mkulima alikuwa anaweka akiba mahali pekee ambapo akiba ilikuwa salama, yaani kwa watu. Msomaji wa Masisi au wa Bukoba hahitaji kuelezwa zaidi. Amekwisha kugawa nyama ya sikukuu. Lakini Marekani somo hilo lilisomwa kama ugunduzi.

Enzi hiyo ilikatika ghafla. Mei 1990 wanafunzi wa chuo kikuu cha Lubumbashi walishambuliwa usiku na watu wa usalama. Ubelgiji ikataka uchunguzi, Mobutu akajibu kwa kuwafukuza mamia ya wataalamu wa Kibelgiji wa mpango wa ushirikiano. Septemba 1991 askari wasiolipwa waliongoza uporaji Kinshasa na miji mingine, na Peace Corps ikawahamisha watu wake wote. Mabwawa yalibaki na wenyewe. Baadhi yalikauka, mengine yalipokezanwa baba kwa mwana, kwa kuwa kuchimba bwawa ni ujuzi usiohitaji ofisi.

Masisi na Walikale zikaingia katika aina nyingine kabisa ya kujitolea.

Machi 20, 1993, sokoni Ntoto, Walikale, watu wa jamii ya Kinyarwanda waliuawa kwa mapanga na bunduki, na vita vya ardhi na madaraka vikasambaa Walikale na Masisi. Maelfu waliuawa, waliokimbia makazi walihesabiwa kwa laki. Madaktari Wasio na Mipaka, shirika lililoundwa Ufaransa mwaka 1971 na linalojulikana kote kwa herufi za MSF, lilikuwa miongoni mwa yaliyoingia. Halafu Julai 1994 likaja jambo lililozidi yote: Wanyarwanda wanaokaribia 800,000 walivuka mpaka na kuingia Goma kwa siku chache, na kipindupindu kikaingia nao. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu wapatao 50,000.

Kwa muuguzi aliyemaliza chuo Brussels au Lyon na ambaye hii ilikuwa misheni yake ya kwanza, Goma ya Julai hiyo haikufanana na darasa lolote. Kitanda cha kipindupindu ni turubai lililotobolewa tundu katikati, na ndoo chini ya tundu. Mgonjwa hulala hapo, maji yakimtoka bila kizuizi, na kazi ya muuguzi ni kurudisha maji hayo upesi kuliko yanavyotoka: dripu mkono huu, dripu mkono ule, na anayeweza kumeza apewe chumvi na sukari kwenye kikombe. Viatu vinapulizwa klorini kila unapovuka kamba. Ardhi ya Goma ni mwamba wa volkano, haichimbiki kwa jembe, kwa hiyo vyoo na makaburi vilihitaji mitambo na baruti. Waliojua wapi kuna udongo, wapi kuna maji ya kuvuta kwa lori, nani ana jenereta, walikuwa watu wa Goma.

Somo gumu zaidi halikuwa la tiba. Katika kambi za Kibumba, Katale na Mugunga, viongozi na wanamgambo waliofanya mauaji ya kimbari Rwanda ndio waliogawa chakula na kuamuru watu. Novemba 1994 tawi la Kifaransa la MSF liliondoka, likisema msaada unawalisha wauaji. Matawi mengine yakabaki kwa muda. Ubishi huo haujaisha mpaka leo katika mashirika, na pande zote mbili zilikuwa na hoja. Ila wauguzi wa Goma na Masisi hawakuwa na pa kuondokea, na hakuna aliyewapigia kura ya kubaki au kwenda.

Kati ya waliokuja kujitolea na wasiondoke, Lyn Lusi ni wa pekee. Alikuja Kongo mwaka 1971 kutoka Uingereza kufundisha kupitia misheni ya Kibaptisti, akiwa na umri wa miaka 22 hivi. Mwaka 1974 aliolewa na daktari Mkongomani, Kasereka Jo Lusi, na kwa miaka mingi wakafanya kazi Nyankunde, Ituri. Mwaka 2000 wakaanzisha Goma mpango wa kuwapa madaktari vijana wa Kikongomani mafunzo ya vitendo, kwa sababu waliona vyuo vinatoa wahitimu wasiopata pa kushikia kisu cha upasuaji. Ndiyo ikawa hospitali ya HEAL Africa. Januari 17, 2002, lava ya Nyiragongo iliifunika hospitali, ikajengwa upya. Wakati wa vita ikawa mahali pa kutibiwa wanawake waliobakwa na wenye fistula waliobebwa kutoka Masisi, Walikale na Lubero. Lyn alifariki Machi 2012, na katika miaka 40 yake ya Kongo aliweza jambo ambalo wageni wengi hawakulijaribu: kugeuza kazi yake iwe ya kuwaandaa wengine waianze yao.

Baada ya 1999 ndege zilijaa. Umoja wa Mataifa ulileta kikosi chake cha kulinda amani, MONUC, na pamoja na askari wakaja wafanyakazi wa kujitolea wa UNV, mpango ulioundwa mwaka 1970. Hawa hawakuwa Wazungu tu: walikuwamo Wakenya, watu wa Afrika Magharibi, Waasia. Wengi walifanya kazi ya uchaguzi wa Julai 30, 2006, wakibeba masanduku ya kura hadi vijiji ambavyo barabara ilikuwa imevisahau. Mkenya aliyefika Goma na Kiswahili cha shule alishangaa kukuta anachekwa: huku wanasema Kiswahili chao, wanachanganya Kifaransa, na ngeli zake za mtihani hazina mnunuzi. Kwa wiki mbili tatu alikuwa mwanafunzi tena. Lakini alivuka haraka kuliko Mdenmark, na hilo lilimpa nafasi ambayo mashirika mengi hayakujua kuitumia.

Miaka hiyohiyo Walikale ilikuwa inajulikana kwa kasiterite, madini ya bati, ya Bisie. Kule Kilambo ndege ndogo zilitua juu ya kipande cha lami cha barabara kuu, gari na waenda kwa miguu wakingojea pembeni, mzigo wa madini ukapakiwa, zikaruka. Kwa mgeni aliyeletwa na shirika kugawa vyandarua, hapo palikuwa na swali ambalo hakuna semina ya siku 10 ingelijibu: vipi mahali penye utajiri wa kuita ndege barabarani hapana dawa ya malaria?

Jibu linapita kwenye kituo cha afya. Tangu miaka ya 1980 Zaire iligawanywa katika zoni za afya, 306 mwanzoni, na sasa ni zaidi ya 500. Kila kituo kina muuguzi mkuu ambaye watu humwita kwa herufi mbili tu, IT. Mshahara wa serikali huja kwa shida au hauji. IT na wenzake huishi kwa malipo ya wagonjwa. Shirika la kigeni linapoingia hutangaza matibabu bure na kuwalipa wauguzi posho, ile inayoitwa prime. Foleni inaongezeka mara kadhaa. Mkataba wa shirika ukiisha, prime inakatika, dawa zinaisha, malipo yanarudi, na anayewaeleza wagonjwa ni IT, si kijana aliyesharudi kwao na picha. Huu ndio mzunguko ambao Masisi na Walikale wameuona mara nyingi, na kuuita kwa jina lake si kukosa shukrani.

Chini ya IT wapo wa kujitolea wenyewe hasa, ambao hawakupanda ndege yoyote: relais communautaires, au kwa mkato wa mtaani, reko. Ni mkulima, fundi cherehani, mwalimu wa shule ya Jumapili. Hupita nyumba kwa nyumba na megafoni kutangaza chanjo. Hufunga utepe kwenye mkono wa mtoto, wenye rangi ya kijani, njano na nyekundu, na nyekundu ikionekana humpeleka mama kituoni hata kama ni mwendo wa saa nne. Malipo yake ni fulana, pengine mabuti, na fedha kidogo siku za kampeni. Mgeni yeyote aliyewahi kuandika ripoti ya lishe kutoka eneo kama la Buleusa aliandika namba zilizokusanywa na hawa.

Na Buleusa yenyewe ilitoa mtihani wake. Mwaka 2015 na 2016, operesheni dhidi ya FDLR, waasi wa Kihutu kutoka Rwanda, na mvutano kati ya Wahutu, Wakobo na Wanande viliwafukuza watu makwao. Waliokimbia wa upande mmoja wakapiga kambi mahali ambapo wa upande mwingine walikuwa wamepakimbia. Novemba 27, 2016, huko Luhanga, mpakani mwa Lubero na Walikale, wanamgambo wa Mai-Mai waliua zaidi ya watu 30, wengi wao Wahutu. Katika hali hiyo, kugawa maharage ni siasa. Ni nani anasimama kwanza kwenye mstari? Mkalimani ni wa kabila gani? Dereva analala wapi? Mgeni asiyejua maswali haya huweza kuua mtu kwa nia njema, na aliyeyajua alifundishwa na reko, mchungaji au chifu wa kijiji, kwa kawaida jioni ya kwanza.

Ebola ikaonyesha bei ya kutosikiliza. Mlipuko uliotangazwa Agosti 1, 2018, Mangina, Kivu ya Kaskazini, uliendelea hadi Juni 25, 2020, ukaambukiza watu 3,470 na kuua 2,287. Agosti 2019 uligusa hata Pinga, Walikale. Kulikuwa na chanjo na fedha nyingi kuliko Ebola nyingine yoyote ya Kongo, na bado timu zilirushiwa mawe, vituo vikachomwa. Watu waliona misafara ya magari ya kukodi na posho za wageni kwa ugonjwa mmoja, katika nchi ambako surua na mapanga vilikuwa vikiua bila msafara, wakauita biashara. Mambo yalianza kutulia pale maziko na uchanjaji vilipokabidhiwa zaidi kwa watu wa kijiji husika.

Sasa njia ya wageni imebana. Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Masisi kati, mwishoni mwa mwezi huo wakaichukua Goma, na uwanja wa ndege ukafungwa. Machi 19 wakaingia Walikale, wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Februari mwaka huo mfanyakazi wa MSF, Mkongomani, alifariki kwa risasi iliyompata ndani ya makazi ya shirika hilo Masisi, kwenye mji ambao hospitali yake imekuwa ikisaidiwa na MSF tangu 2007. Ulimwenguni kote takriban wafanyakazi 9 kati ya 10 wa shirika hilo ni wa nchi husika.

Nyaraka za wageni zipo salama Paris, Washington na London. Za wenyeji ni madaftari ya IT, rejista za wakunga na picha zilizobandikwa ukutani, na kila kijiji kinapochomwa zinakwenda nacho. Aliyenazo, awe Masisi, Pinga, Buleusa au kwenye kambi ya wakimbizi Uganda, azipige picha kwa simu na kuzipeleka kwa walimu wa historia wa Chuo Kikuu cha Goma au chuo cha ualimu cha ISP Bukavu, na pamoja na kila picha aandike majina kamili ya waliomo.